Mfupa Mchanga

Asubuhi ya ile Jumapili ya shukrani, Roselyne aliamka akiwa na jambo moja kichwani, na hakumwambia mumewe. Alifagia uwanja, akawaonyesha vijana wa kanisa mahali pa kusimamisha tenti, akapanga viti vya plastiki, akarudi jikoni kuonja mchuzi wa kuku. Lakini kila alipopita mlangoni mwa chumba cha binti yake alitupa jicho ndani, kwenye magongo mawili yaliyoegemezwa kando ya kitanda, kama mtu anayemtazama mgeni ambaye hakualikwa.

Binti yake, Mokeira, alikuwa na miaka kumi na tisa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umebaki mfupi tangu utotoni, baada ya ugonjwa wa mfupa uliomshika chini ya goti, na watu wa Gesima walikuwa wamemzoea akichechemea kwenye kiatu chenye soli nene aliyoshonewa na fundi. Ndipo ukaja mchango, na baada ya mchango ikaja operesheni mjini Kisii. Madaktari waliukata mfupa wa muundi, wakaufunga kwa pete za chuma zilizouzunguka mguu kwa nje, kisha skrubu zikawa zinazungushwa kidogo kidogo kila siku, mfupa unavutwa, na ndani ya ule mwanya mfupa mpya unaota. Sasa pete zilikuwa zimetolewa. Miguu ilikuwa sawa. Roselyne alikuwa ameilaza ubavu kwa ubavu kitandani, akapitisha kiganja juu ya visigino viwili, akarudia tena.

Daktari Omosa, yule mama aliyefanya operesheni, aliwaambia maneno yake waziwazi siku pete zilipotoka. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. "Mnaona hapa juu na hapa chini ni peupe? Katikati ni kama wingu. Huu ni mfupa mchanga. Wingu halibebi mtu. Atatumia magongo mawili, na mguu huu ataukanyagia kidogo tu, mpaka niseme mimi. Wengi huvunjika wakati huu, si wakati wa pete. Pete zikitoka, mtu hujiona amepona."

Roselyne alisikia yote. Shida yake haikuwa kusikia.

Alipoingia chumbani kwa Mokeira alifunga mlango. Nje, Machogu, mwenyekiti wa kamati ya mchango, alikuwa anajaribu kipaza sauti: "Halo, halo. Mnanisikia huko nyuma?"

"Umependeza," Roselyne alisema. "Geuka nikuone."

"Siwezi kugeuka haraka, Mama."

Roselyne akakaa kitandani. "Wale watu wote nje wametoa, Mokeira. Kuna waliouza kuku. Juzi kwenye kituo cha majani chai, Mama Ian aliniambia mbele ya foleni nzima: 'Tulichangia mtoto aliyekuwa anatembea bila gongo, sasa ako na mawili.' Watu wakacheka. Na mimi nikacheka pamoja nao. Ningefanya nini?"

"Ungewaeleza."

"Nitaeleza wangapi? Mtu alitoa pesa yake, anataka kuona kwa macho." Alishusha sauti. "Toka mlangoni mpaka kwenye meza ya keki. Hatua chache tu. Niko nyuma yako. Ukifika unakaa, nakuletea magongo yako, basi."

"Na daktari?"

"Daktari hayuko hapa."

"Baba je?"

"Baba yako niachie mimi."

Mokeira alitazama miguu yake ndani ya viatu vipya, viatu viwili vyenye visigino vya kimo kimoja. Roselyne hakujua kwamba binti yake alikuwa amekwisha kujaribu peke yake, ameshika ukuta, mlango ukiwa umefungwa, na kwamba kila alipofanya hivyo moyo ulimruka kwa furaha na hofu pamoja. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wakitazama kwanza mguu, halafu uso. Alitaka, hata kwa mara moja, auvuke ule uwanja watu wakimtazama uso.

"Hatua chache," alisema.

Roselyne aliyachukua magongo, akayasukuma chini ya kitanda.

*

Mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha nyasi zimelowa. Mokeira alipotokea mlangoni mikono mitupu, mazungumzo chini ya tenti yalikatika. Alishuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Akaleta wa kushoto. Akasimama. Kisha akatembea, polepole, mgongo umenyooka, na vigelegele vikalipuka hadi vikasikika ng'ambo ya mashamba ya chai.

Obadiah, baba yake, alikuwa amebeba kreti ya soda. Aliiweka chini. Alijua mara moja kwamba hili halikuwa limekubaliwa. Hata hivyo alipomwona mwanawe akija bila kuinama upande wowote, furaha ilimfikia kabla ya woga, akajikuta anapiga makofi.

Mama yake Obadiah, bibi kizee Eucabeth, alikuwa kwenye kiti cha mbele. "Magongo yake yako wapi?" aliuliza. Hakuna aliyemsikia.

Mokeira alifika mezani. Alishika ukingo wa meza, jasho limemtoka puani, anacheka. Mama Ian alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya leso. Roselyne, aliyekuwa hatua moja nyuma, aliona machozi yale, na miaka mingi ya kuinamisha kichwa ikamtoka mabegani.

"Ngoja, ngoja!" Machogu alikuja mbio na simu mkononi. "Simu yangu ilikuwa haijaanza kurekodi. Tuko na watu wa Nairobi waliochanga, tuko na wale wa Amerika, nao wanataka kuona kazi yao. Mokeira, mama, rudi mlangoni uje tena. Pole pole hivyo hivyo, ukitabasamu."

"Mwenyekiti," Obadiah alisema, "wacha mtoto akae sasa."

"Baba Mokeira, ni dakika moja. Ni video, si kulima."

Watu walicheka. Obadiah naye akatabasamu, maana ni Machogu aliyezunguka kanisa kwa kanisa na ule mchango, na mbele ya watu wote hao angeonekanaje kumkatalia kitu kidogo hivyo? Akarudi kwenye kreti yake. Mokeira alimtazama mama yake. Roselyne alitazama simu ya Machogu, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kurudi mlangoni kulikwenda vizuri. Aligeuka, akangoja Machogu aseme yuko tayari, akaanza kuja. Katikati ya uwanja, mahali ambapo vijana walikuwa wamepita na masufuria mpaka nyasi zikawa utelezi, kiatu kipya cha kushoto kilikwama kwenye tope, mwili ukaendelea, ukazunguka, mguu ukabaki nyuma. Waliokuwa karibu walisikia mlio mkavu, kama muwa uliovunjwa gotini. Mokeira hakupiga kelele mara moja. Alikaa kwenye nyasi, akatazama muundi wake ulivyokuwa umepinda mahali ambapo hapakuwa na kiungo, na ndipo sauti ikamtoka.

Machogu bado alikuwa ameshika simu juu. Alipoona wanamtazama, aliishusha haraka. "Nimefuta," alisema, akibonyeza-bonyeza. "Nimefuta, jamani. Nimefuta yote."

*

Kila mtu alikuwa na la kusema. Apewe maji. Asipewe maji. Avuliwe kiatu. Mzee mmoja wa kanisa alipiga magoti na kuushika mguu kwenye kifundo, akasema akivuta kidogo utarudi mahali pake.

"Wacha!" Eucabeth alikuwa amefika bila mtu kumwona akiinuka. Alikaa chini kwenye tope na gauni lake la kanisani, akapenyeza mapaja yake chini ya mguu wa mjukuu wake, akauzingira kwa mikono miwili. "Hakuna mtu atagusa huu mguu."

"Mama, wewe unajua mambo ya mifupa?" yule mzee aliuliza, ameudhika.

"Sijui. Lakini wewe pia hujui." Akageuza kichwa. "Roselyne! Leta ubao wa jikoni, na leso mbili, na mto."

Roselyne alikuwa amesimama palepale aliposimama mlio ulipotokea. Kwa miaka yote aliyokaa katika boma lile, mama mkwe wake alikuwa akimwambia kwamba mtoto alipata ule mguu kwa uzembe wake, na yeye alikuwa amejibu kwa kunyamaza. Sasa alingoja yale maneno yaje tena. Hayakuja.

"Roselyne," Eucabeth alirudia, safari hii kwa upole. "Ubao, mama."

Akakimbia.

Machogu alimvuta Obadiah kando ya tenti. "Sikiliza. Kuna mtu Nyansiongo, anakanda mifupa. Kijana wa dada yangu alianguka na pikipiki, akakandwa mara tatu, sasa anacheza mpira. Kisii mtaenda kugombezwa tu. Halafu watataka operesheni nyingine, na mimi, wacha nikwambie ukweli, siwezi kurudi kwa watu wale wale na kuwaambia mguu umevunjika kwenye sherehe."

Obadiah alijua huo ni ukweli. Aliwaona tayari wakianza kuondoka, wawili wawili, sahani zao hazijaisha, wakinong'ona. Akilini alimwona Daktari Omosa akivua miwani kwa hasira. Nyansiongo hakungekuwa na aibu yoyote. Ingekuwa nyumba ya mtu, mafuta ya kukanda, na kesho asubuhi jambo limekwisha, au angalau limefichika.

Josiah, jirani aliyekuwa na gari aina ya Probox, alikuwa amelisogeza mpaka ukingoni mwa uwanja na kulaza viti vya nyuma. Walimwinua Mokeira juu ya ubao na leso, bibi yake akiingia naye bila kuachilia ule mguu, na Roselyne akajipenyeza kando yao.

"Mzee," Josiah aliuliza kwenye dirisha, "tunaenda Nyansiongo ama Kisii?"

Obadiah alimtazama Machogu. Machogu alitazama viatu vyake.

"Baba," Mokeira alisema kutoka nyuma, meno yakigongana. "Nipeleke kwa daktari wangu. Tafadhali."

"Kisii," Obadiah alisema, akapanda mbele. Njia nzima hakugeuka nyuma.

*

Daktari Omosa aliitwa kutoka nyumbani kwake. Hakuvua miwani. Aliisimamisha picha mpya karibu na ile ya zamani na akapitisha kidole juu ya zote mbili. Hata asiyejua kitu aliona: lile wingu la katikati lilikuwa limepasuka, na ncha mbili nyeupe zimeelekeana kwa kombo.

"Umevunjika kwenye mfupa mpya," alisema. Alimgeukia Mokeira, aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu. "Nieleze kabisa ilivyokuwa. Ulianguka? Ulijigonga?"

Mokeira alimtazama mama yake aliyekuwa amesimama karibu na sinki, tope bado kwenye pindo la gauni. Aliona jinsi mikono yake ilivyokuwa ikisokota na kusokotoa kona ya leso.

"Sikuanguka," Mokeira alisema. "Nilikuwa natembea na magongo yangu yote mawili. Nikasikia tu umekatika."

"Bila kuteleza?"

"Bila kuteleza."

Daktari Omosa alishusha pumzi. "Basi hiyo si habari nzuri. Kama umevunjika wenyewe, na magongo mawili, bila kuteleza, maana yake mfupa hauoti kama nilivyofikiri. Siwezi kuweka plasta tu nikangoja muujiza. Itabidi nifungue, nichukue mfupa kidogo hapa kwenye nyonga nipandikize, halafu turudishe pete. Zikae muda mrefu kuliko zile za kwanza." Aliligusa bega la Mokeira. "Pole sana. Nitaongea na watu wa chumba cha upasuaji, kisha narudi kwenu mtie sahihi."

Alipotoka, mlango ulijifunga nyuma yake. Mokeira alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani. Pete. Usiku wa kulala chali, vidonda vya nyaya zilizopita mfupani vikisafishwa kwa maji ya chumvi, skrubu, maumivu yaliyokuwa yakipanda mpaka kwenye taya.

"Kwa nini umesema hivyo?" Roselyne alinong'ona.

"Ulitaka niseme nini?"

"Tumwambie," Roselyne alimwambia mumewe. "Obadiah, amesikia uongo, na huo uongo ndio anaenda kuutumia kumkata mtoto."

"Ngoja kwanza." Obadiah alikuwa anapangusa kofia yake kwa kiwiko, ingawa haikuwa na vumbi. "Tukisema kwamba tulimtembeza kwenye sherehe bila magongo, watasema hawa ni watu wa namna gani. Hospitali ilitusamehe sehemu ya gharama kwa sababu tuliahidi kufuata masharti. Wakituondolea msamaha huo tutaenda wapi? Daktari anajua kazi yake. Pengine hata tukisema, atafanya hivyo hivyo."

"Na kama hatafanya hivyo?"

Eucabeth, aliyekuwa kwenye benchi na gauni lililoloa mpaka kiunoni, aliwatazama wote wawili, akafumba macho kama anayeomba.

Roselyne alitoka. Daktari Omosa alikuwa amefika mwisho wa korido, anaongea na muuguzi, na pande zote mbili za korido watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi wakingoja wagonjwa wao. Baadhi walikuwa watu wa Nyamira, upande wa kwao. Aliwajua kwa lafudhi, na mmoja wao Roselyne alikuwa amewahi kumwona sokoni Keroka. Angeweza kungoja daktari awe peke yake. Lakini alijua akingoja hataweza.

"Daktari." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mtoto amekudanganya. Hakuwa na magongo. Mimi ndiye niliyaficha."

Mabenchi yakageuka. Muuguzi alianza kusema kitu, daktari akamzuia kwa mkono.

"Uliyaficha."

"Chini ya kitanda. Tulikuwa na shukrani, watu waliochanga walitaka kumwona. Nikamwambia ni hatua chache."

"Alianguka?"

"Kiatu kilikwama kwenye tope. Mwili ukageuka, mguu ukabaki."

"Kabla ya hapo alitembea?"

"Alitembea mpaka mezani. Akarudi mlangoni. Akaja tena mpaka katikati."

"Kwa uzito wake wote? Alilalamika maumivu?"

"Alikuwa anacheka, Daktari." Na hapo ndipo Roselyne alipoanza kulia, si kwa kujificha, bali kwa mdomo wazi, mbele ya mabenchi yote.

Daktari Omosa hakumbembeleza. Alirudi chumbani kwa hatua ndefu, akazisimamisha tena zile picha mbili, akasogeza uso karibu. "Hiyo ni habari nyingine kabisa," alisema mwishowe. "Mfupa uliombeba hivyo bila maumivu ni mfupa unaoota. Umevunjika kwa kusokotwa. Hata mfupa wangu mimi ungeweza kuvunjika. Na hapa bado umeshikana upande mmoja." Alimgeukia Mokeira. "Nitakulaza usingizi, niunyooshe kwa mikono, nikufunge plasta kutoka paja mpaka vidole. Kila wiki picha. Ukipinda ndani ya plasta, nitaingiza chuma. Usipopinda, hakuna pete, hakuna kukata nyonga. Urefu kidogo utapotea, siwezi kukuficha. Umenielewa?"

Mokeira aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamwingia masikioni.

"Na usinidanganye tena. Mimi natibu kile nilichoambiwa." Kisha akamtazama Roselyne. "Mama Mokeira, ungenipigia simu. Ningekuja Gesima mwenyewe, niwaambie hao watu wakae chini wale keki yao."

*

Plasta ilikuwa nzito, na nyumba ilikuwa nzito kuliko plasta. Mokeira alilala sebuleni, mguu juu ya mito, na hakusema na mama yake. Hakumtukana, hakumnunia waziwazi mbele ya wageni. Alipitisha tu maneno yake kwa bibi, aliyemwita Magokoro kwa Kigusii. "Magokoro, mwambie Mama uji umepoa." "Magokoro, mwambie Mama asinifunike." Roselyne alipasha uji, akaondoa shuka, akatoka nje akasimama kwenye migomba mpaka pumzi imrudie.

Kila wiki Josiah aliwapeleka Kisii, na kila wiki walingoja picha wakiwa wameshika roho mkononi. Wiki ya kwanza mfupa ulikuwa mahali pake. Ya pili ulikuwa umesogea kidogo, na Daktari Omosa aliutazama sana, akasema angesubiri mara moja zaidi. Wiki ile hakuna aliyekula vizuri katika boma lile. Ya tatu, haukuwa umesogea tena.

Jioni ya siku hiyo Roselyne aliketi kwenye kigoda karibu na kochi. "Hata leo huniambii kitu? Hata kwa hii habari njema?"

Mokeira alivuta shuka mpaka kifuani. Kisha, akitazama dari: "Linda alikuja kuniona jana." Linda alikuwa rafiki yake wa shule. "Unajua wanasema nini huko? Wanasema Mokeira alikuwa na haraka ya kujionyesha. Wanasema nilikataa magongo. Mama Ian anasema mama yangu maskini alinikataza, sikusikia."

"Mimi nilimwambia daktari ukweli."

"Ulimwambia daktari. Kisii, kwa watu hawatujui." Sasa alimgeukia. "Mimi ndiye niko hapa na plasta, mimi ndiye natajwa. Nilikudanganyia, Mama, na ningelipa kwa nyonga yangu. Na wewe unakaa kwa foleni ya chai unapewa pole."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amepewa pole nyingi, na zote alikuwa amezipokea.

Kesho yake, kwenye kituo cha majani chai, foleni ilikuwa ndefu na karani alikuwa bado hajafungua mizani. Wanawake walikuwa wameketi juu ya vikapu vyao. Mama Ian alimsogezea nafasi. "Pole mama. Watoto wa siku hizi hawasikii."

"Alisikia," Roselyne alisema. Alibaki amesimama. "Alinisikia mimi. Yeye alikuwa na magongo yake, mimi nikayachukua. Ulisema hapa hapa kwamba mlichangia mtoto akapata magongo mawili, mkacheka, nikaona aibu. Nikamtoa nje bila magongo ili mfurahi. Baba yake alitaka akae, Machogu akasema arudie. Hivyo ndivyo mguu ulivunjika. Kama mnataka kumtaja mtu, mnitaje mimi."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Safari hii Roselyne hakucheka naye. Mama Ian aliinamisha uso, akaanza kuokota majani mabovu ndani ya kikapu chake, moja moja, kwa muda mrefu.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Hivyo ndivyo ilivyo Gesima. Obadiah, alipoisikia, alivaa koti akaenda kwa Machogu. Walichoongea hakuna aliyekijua, ila Jumamosi iliyofuata, siku ya Sabato, Machogu alisimama wakati wa matangazo kanisani, akasema kwa ufupi kwamba siku ile ya video kosa lilikuwa lake pia, akakaa. Mokeira hakuwapo. Alisimuliwa. Alisema, "Sawa," na alipomaliza kunywa chai alimnyooshea kikombe mama yake, si bibi.

"Mama, niongezee."

*

Plasta ilipokatwa, mguu uliotoka ndani ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, ngozi inabanduka kama maganda ya kitunguu. Picha ilionyesha lile wingu limekuwa jeupe. Kulikuwa na mpindo mdogo ambao jicho lililojua lingeuona, na urefu kidogo ulikuwa umepotea; Daktari Omosa alisema soli ndogo ndani ya kiatu ingetosha, na kwamba siku moja, kama Mokeira angetaka, wangeweza kuzungumza tena. Mokeira alisema hataki kuzungumza tena. Daktari akacheka.

"Sasa sikiliza," alisema. "Hakuna kubahatisha. Tafuta mizani ya kupimia watu. Simama na magongo, weka mguu huu juu ya mizani, ukandamize mpaka kilo kumi. Ujue kumi inavyohisi. Wiki ijayo ishirini. Nitakupa namba, usipite namba yangu."

Obadiah aliazima mizani ya zamani kwenye zahanati. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma chai, Roselyne alipiga magoti kwenye sakafu ya sebule kusoma mshale, kwa maana Mokeira akiinama kuutazama uzito ulibadilika. "Tano. Nane. Kumi. Basi, basi!" alikuwa akipiga kelele, mikono imetangulia mbele kuudaka mguu. "Mama, nimesikia," Mokeira alikuwa akimjibu, na kuuondoa. Wiki ya kilo ishirini walibishana. Wiki ya kilo thelathini mfupa uliuma, wakarudi Kisii, wakaambiwa ni misuli tu inayoamka. Eucabeth alikuwa anawatazama kutoka kwenye kochi, akisema hajawahi kuona mtu akipimwa kipande kipande kama nyama.

Ndipo ikaja picha ambayo Daktari Omosa aliitazama mara moja tu, akaiweka mezani. "Uzito wote," alisema.

Asubuhi iliyofuata Mokeira alisimama mbele ya mizani, magongo kwapani. Obadiah alijifanya anatafuta jembe nyuma ya mlango. Roselyne alipiga magoti mahali pake. Mokeira aliweka mguu wa kushoto juu ya mizani, akaegemea. Mshale ukapita thelathini, ukapita arobaini. Akampa bibi yake gongo moja. Akampa la pili. Akashika mgongo wa kiti, akabakiza kidole kimoja, kisha nacho akakiondoa. Halafu akainua mguu wa kulia kutoka sakafuni.

Mikono ya Roselyne ilikuwa imenyanyuka yenyewe. Aliirudisha akaikalia.

Goti la Mokeira lilitetemeka, likatulia.

"Mama," alisema, macho mbele. "Soma."

Roselyne aliinama karibu na mshale. "Hamsini na mbili."

"Haishuki?"

"Haishuki."

"Basi hiyo ni mimi mzima," Mokeira alisema, na hakushuka mara moja.